Mkojo wa Farasi wa Manitoba

Upande wa mashariki wa mji wa Brandon, hapa Manitoba, kuna kiwanda ambacho tangu mwaka 1966 kinapokea mkojo wa farasi wenye mimba na kuutoa ukiwa homoni. Si mzaha. Kwa miaka mingi dawa ya ukomo wa hedhi iliyomezwa na wanawake wengi kuliko nyingine yoyote Amerika ya Kaskazini ilianza safari yake huku, katika mabanda ya wakulima wa ngano na shayiri waliotafuta kipato cha kuwavusha msimu wa baridi. Mimi ni mtu wa Kibokoni, Mombasa. Kazi yangu ni kuwahudumia wazee katika makao ya wazee ya hapa mjini, na habari hii niliipata kwa wale ninaowaogesha kabla sijaitafuta vitabuni.

Bibi mmoja, miaka yake 80 na ushei, alikuwa mke wa mkulima karibu na mpaka wa Saskatchewan. Alinisimulia huku nikimfunga vifungo vya sweta. Ikifika Oktoba, mavuno yakiwa ghalani, farasi wao waliletwa kutoka malishoni na kuingizwa bandani, kila mmoja na sehemu yake, amefungwa kamba kichwani. Walikuwa farasi wa kazi, wazito, machotara wa Kibelgiji na Percheron. Nyuma ya kila mmoja ilining'inizwa pochi ya mpira iliyoshikiliwa na mikanda kutoka darini, na kutoka kwenye pochi mrija ulishuka hadi kwenye dumu. Kabla hakujapambazuka yeye na mumewe walipita safu kwa safu wakikusanya madumu, wakimimina tangini, wakigawa nyasi kavu na kuzoa mavi. Nje nyuzi 30 chini ya sifuri, ndani joto la miili ya farasi na amonia ya kukutoa machozi. Lori la kampuni lilipita kuchukua mzigo. Hawakulipwa kwa lita. Walilipwa kwa uzito wa homoni iliyopimwa ndani ya mkojo, kwa hiyo farasi aliyekunywa sana akatoa mkojo mwepesi hakuwaongezea senti, na watetezi wa wanyama walikuja kulalamika kwamba wapo wafugaji waliowabania farasi maji. Bibi huyo alikataa katakata. "Farasi wetu walikunywa kuliko mume wangu," alisema, na kwa habari nilizonazo, mume wake hakuwa mnywaji wa maji.

Machi farasi walifunguliwa, Mei wakazaa. Mimba ya farasi huchukua miezi 11, hivyo ilibidi wapandishwe tena mapema ili Oktoba ikirudi wawe tayari. Vitoto vilivyozaliwa havikuwa na kazi. Vingine vilinunuliwa mnadani vikawa farasi wa kupanda, vingine vilinenepeshwa vikachinjwa, nyama ikasafirishwa kwa walaji wa ng'ambo. Nilipomuuliza bibi juu ya hilo alitazama dirisha akaniomba nimletee chai. Sikumuuliza tena.

Kwa nini farasi? Jibu liko Berlin, lakini linaanzia Marekani. Mwaka 1923 Edgar Allen na Edward Doisy wa St. Louis, Marekani, walichukua majimaji ya ovari za nguruwe, wakawadunga panya waliokwisha kutolewa ovari zao, na panya wale wakaonyesha dalili za joto la uzazi. Basi ikajulikana kwamba ovari hutoa kitu kinachosafiri kwenye damu. Lakini kukipata kwa wingi ilikuwa shida. Ovari za nguruwe unahitaji ndoo nyingi upate chembe. Mwaka 1927 Selmar Aschheim na Bernhard Zondek wakagundua kwamba mwanamke mwenye mimba huitoa homoni hiyo kwenye mkojo wake, tena kwa wingi. Miaka miwili baadaye Doisy, na Adolf Butenandt kule Ujerumani, kila mmoja kivyake, wakaipata ikiwa safi. Na mwaka 1930 Zondek akapima mkojo wa farasi mwenye mimba, akakuta hazina. Hakukaa Berlin kuifaidi. Manazi walipoingia madarakani mwaka 1933 alifukuzwa kazi kwa kuwa Myahudi, akaenda Stockholm, kisha Jerusalemu, na ugunduzi wake ukaendelezwa na wengine.

Mmoja wa hao wengine alikuwa James Collip, yule yule aliyeisafisha insulini pale Toronto mpaka ikafaa kudungwa mgonjwa mwaka 1922. Alipohamia Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, akaanza kukamua homoni kutoka kondo za nyuma za wazazi. Kampuni ya dawa ya mjini humo, Ayerst, McKenna & Harrison, ikaiingiza sokoni mwaka 1930 kwa jina la Emmenin. Baadaye waligeukia mkojo wa wanawake wa Kanada waliokaribia kujifungua. Dawa ilikuwa ya kumeza, jambo jema, lakini ilikuwa ghali, na hakuna kampuni inayoweza kujenga biashara kubwa juu ya mkojo wa wajawazito wa hiari. Halafu mwaka 1938 Charles Dodds wa London akatengeneza homoni ya maabara, dietilistilbestroli, akaiacha bila hataza ili atakaye aitumie. Ilikuwa rahisi kama chumvi. Ilipewa wanawake kwa mambo mengi, hata wajawazito, na mwaka 1971 daktari Arthur Herbst wa Boston na wenzake walionyesha kwamba mabinti waliokuwa tumboni wakati ule walikuwa wakipata saratani adimu ya uke. Lakini hayo yalikuwa mbele. Wakati huo Ayerst walihitaji kitu cha kushindana na bei ya Dodds, kitu cha asili, cha kumeza, kinachopatikana kwa maelfu ya lita. Wakamkumbuka farasi wa Zondek. Premarin, ambayo jina lake limefinyangwa kutokana na maneno ya Kiingereza ya mkojo wa farasi mwenye mimba, ilianza kuuzwa Kanada mwaka 1941 na Marekani mwaka 1942. Mashamba ya kwanza yalikuwa mashariki mwa nchi. Yalihamia huku kwetu baadaye, kufuata nyasi za bei nafuu na wakulima wasio na kazi kuanzia Oktoba.

Sasa nisimame hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo ninapogombana na historia yenyewe. Dawa ile ilipoingia sokoni ilikuwa na kazi inayoeleweka. Mwanamke wa miaka 50 hivi, ovari zake zinapofunga duka, hupandwa na joto la ghafla kifuani, shingoni, usoni, moyo unamdunda, usiku analoa jasho hadi kwenye godoro, asubuhi anaamka amechoka na mkali. Uke unakauka, tendo la ndoa linakuwa adhabu. Mifupa inaanza kupoteza uzito, jambo ambalo Fuller Albright wa Boston alilieleza mwanzoni mwa miaka ya 1940, alipoona kwamba wengi wa wagonjwa wake wenye migongo iliyopinda walikuwa wanawake waliokoma hedhi. Estrojeni, ndiyo homoni hiyo ya ovari, huzima joto lile kuliko dawa nyingine yoyote iliyopata kujaribiwa, na huishikilia mifupa. Hiyo ndiyo kazi yake. Lakini kwa miaka mingi haikuuzwa kwa kazi hiyo tu. Iliuzwa kwanza kama ujana, ikauzwa pili kama kinga ya moyo, kisha ikatangazwa kama sumu, na mara zote hizo mwanamke aliyelala kwenye shuka zilizoloa hakuulizwa chochote.

Ujana uliuzwa na Robert Wilson, daktari wa wanawake wa Brooklyn, New York. Kitabu chake Feminine Forever kilitoka mwaka 1966, mwaka ule ule wa kiwanda cha Brandon. Kwa Wilson, kukoma hedhi ulikuwa ugonjwa wa upungufu, kama kisukari, na mwanamke asiyemeza homoni alikuwa kiumbe kilichohasiwa, mzigo kwa mumewe. Ukisoma unaona wazi kitabu kiliandikwa kwa ajili ya huyo mume. Kiliuzwa sana. Baada ya Wilson kufa, mtoto wake alikuja kueleza kwamba kampuni ya dawa ndiyo iliyogharimia. Wakati huo magazeti ya madaktari yalikuwa yamejaa matangazo ya mama mwenye tabasamu na mume aliyepumua, na mabanda ya huku yakazidi kujengwa. Bibi wangu anakumbuka mwanamume wa kampuni aliyewajia jikoni na mkataba. Pesa zile, anasema, ndizo zilizowasomesha watoto wao wawili Winnipeg.

Mwezi wa Desemba 1975 jarida la New England Journal of Medicine likachapisha tafiti mbili kwa pamoja. Wanawake waliomeza estrojeni peke yake walipata saratani ya ukuta wa mfuko wa uzazi mara nne na nusu, utafiti mmoja ukasema, na mara saba na zaidi, ukasema wa pili, kuliko wasiomeza. Sababu haina uchawi. Estrojeni huukuza ukuta wa mfuko wa uzazi kila mwezi. Katika mwili wenye hedhi huja projesteroni ikausimamisha usizidi kukua, na projesteroni inaposhuka ukuta unabomoka, ukatoka. Ukitoa ya kwanza bila ya pili, ukuta unakua tu, unakua, mpaka chembe zinaasi. Dawa ikawa ni kuongeza projestini, dawa ya jamii ya projesteroni, kwa kila mwenye mfuko wake wa uzazi. Hilo limesimama hadi leo, na kwa maoni yangu ndilo jambo la maana kuliko yote ambalo mwanamke anapaswa kulijua kabla hajagusa dawa hizi. Mauzo yalishuka, yakapanda tena.

Yalipanda kwa sababu ya moyo. Wanasayansi wa Boston walikuwa wakifuatilia wauguzi wa Marekani zaidi ya 120,000 tangu mwaka 1976, na katika taarifa zao za miaka ya 1980 na ile ya mwaka 1991 wauguzi waliomeza homoni walionekana kuugua moyo karibu nusu ya wasiomeza. Nusu! Madaktari wakaanza kuwaandikia hata wanawake wa miaka 65 ambao joto liliwatoka zamani, wapate kulinda moyo. Walisahau kitu ambacho muuguzi yeyote angewaambia: mwanamke aliyekwenda kwa daktari kuomba homoni miaka ile alikuwa na bima, na muda, na pengine alitembea kila asubuhi na hakuvuta sigara. Alikuwa na afya kabla ya dawa. Katika miaka ya 1990 Premarin ilikuwa juu kabisa ya orodha ya dawa zilizoandikwa na madaktari wa Marekani, na farasi wa Manitoba, Saskatchewan, Alberta na kipande cha North Dakota walikuwa katika mashamba zaidi ya 400.

Hapo ndipo Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilipoamua kupima kwa haki. Utafiti ulianzishwa mwaka 1991 chini ya Bernadine Healy, mwanamke wa kwanza kuziongoza, daktari wa moyo. Wanawake 16,608 wenye mifuko yao ya uzazi walipewa, kwa bahati nasibu, ama estrojeni ya farasi pamoja na projestini, ama kidonge kisicho na kitu. Tazama lakini walikuwa akina nani. Walikuwa na miaka 50 hadi 79, na wastani wao ulikuwa 63. Waliokuwa wakiteswa sana na joto hawakutakiwa sana utafitini, kwa kuwa aliyepewa kidonge kitupu angejijua ndani ya wiki moja. Yaani jaribio kubwa kuliko yote la dawa ya joto lilifanywa kwa wanawake ambao wengi wao hawakuwa na joto kali. Halikuwa kosa la hesabu. Swali lao lilikuwa moyo, na swali la moyo walilijibu vizuri.

Tarehe 9 Julai 2002 walitangaza kwamba wamelisimamisha jaribio hilo kabla ya wakati, baada ya miaka mitano na kidogo. Magazeti yalisema saratani ya matiti imeongezeka kwa asilimia 26, mshtuko wa moyo kwa 29, kiharusi kwa 41. Ni kweli. Na hesabu hizo hizo ukizishusha chini zikae sakafuni zinasema hivi: ukiwachukua wanawake 10,000 wasiomeza, kwa mwaka mmoja 30 watapata saratani ya matiti, wanaomeza, 38. Wanane wa ziada. Wanane wa ziada kiharusi, saba wa ziada moyo, wanane wa ziada damu kuganda mapafuni. Upande wa pili, sita pungufu saratani ya utumbo mpana, watano pungufu kuvunjika nyonga. Kwa mama wa miaka 68 asiye na shida yoyote, aliyepewa dawa ili aukinge moyo, hesabu hiyo inatosha kumwambia aache. Kwa mwanamke wa miaka 51 asiyelala, ni hesabu nyingine. Na kundi la pili la utafiti ule ule, wanawake 10,739 waliokwisha kutolewa mfuko wa uzazi na waliomeza estrojeni peke yake, lilimalizika mwaka 2004 bila saratani ya matiti kuongezeka. Taarifa hiyo haikupigiwa ngoma.

Makao ninayofanya kazi yamejaa wanawake wa Julai ile. Mmoja alimwaga vidonge vyake chooni usiku ule ule akavuta maji. Mwingine, mwalimu mstaafu, alimpigia daktari wake simu wiki nzima bila kupokelewa kwa sababu mji mzima ulikuwa ukipiga. Idadi ya karatasi za dawa hizi Marekani ilishuka kutoka milioni 90 hivi kwa mwaka hadi chini ya milioni 60 kufikia mwaka 2003. Kampuni, iliyokuwa ikiitwa Wyeth wakati huo, ikawatangazia wafugaji kwamba mikataba inapunguzwa. Bibi wangu na mumewe walipata barua yao. Farasi walipelekwa mnadani kwa mafungu. Baadhi walichukuliwa na watu wenye huruma na malisho, wengi hawakupata bahati hiyo. Leo ukipita barabara kuu namba 1 kuelekea magharibi utaona mabanda marefu yenye mabati yaliyoliwa na kutu, mengine yamegeuzwa ghala la matrekta. Mashamba yaliyobaki ni machache mno. Kiwanda bado kipo, mikononi mwa Pfizer walioinunua Wyeth mwaka 2009.

Hasara nyingine haikuhesabiwa kwa farasi. Madaktari waliosoma baada ya 2002 hawakufundishwa sana mambo haya. Zamu yangu ilipofika, niliyemwendea kwanza alinisikiliza kwa dakika chache akaniambia ni jambo la maumbile, nivae nguo nyepesi, litapita. Nguo nyepesi Manitoba! Usiku wa Januari nilikuwa nikitoka nje na koti wazi, kichwa kinatoka moshi kama chungu kilichofunuliwa, huku jirani akinichungulia kwa pazia. Na lingepita lini? Wanawake wa Marekani waliofuatiliwa kwa miaka mingi katika utafiti mkubwa uitwao SWAN walikaa na joto kwa wastani wa miaka saba na zaidi kidogo. Wanawake weusi ndio waliokaa nalo muda mrefu kuliko wote, miaka 10. Nilimpata mwingine baadaye, muuguzi mwenye ruhusa ya kuandika dawa, naye alinifungulia jedwali la umri. Chini ya miaka 60, au ndani ya miaka 10 tangu hedhi kukoma, mwenye joto kali na asiye na historia ya saratani ya matiti, kiharusi au damu kuganda, faida kwa kawaida huzidi hatari. Kibandiko cha ngozi hakipiti kwenye ini kama kidonge, na hakionekani kugandisha damu kama kidonge kifanyavyo. Maneno machache tu, lakini yalichukua miaka 80 kupangika.

Kwetu Mombasa hakuna Wilson aliyepita. Mamangu alikoma kabla sijaolewa, na nilijua kwa Ramadhani. Mwanamke mwenye hedhi hula siku zake akazilipa baadaye, na kila nyumba ina mama anayefunga peke yake mwezi wa Shaabani akikimbizana na deni. Mwaka ule mama alifunga siku zote, mfululizo, na khalati wakamwamkia kwa namna mpya, kama mtu aliyepandishwa cheo. Sheria yetu imeishi na mwanamke huyu siku zote. Sura ya At-Talaq inampangia eda yake, miezi mitatu kwa asiyetarajia tena hedhi. Sura ya An-Nur inamlegezea vazi la juu akiwa mzee asiyetazamia ndoa. Hakuna popote anapoitwa mgonjwa. Lakini sitaki kusema kwamba bibi zetu hawakuteseka, kama wanavyopenda kusema wanaotusifu kutoka mbali. Mama alifunga siku 30 katika joto la Mombasa, huku joto lake mwenyewe likimpanda adhuhuri na hana ruhusa ya tone la maji. Usiku alikaa barazani na kipepeo cha ukili mpaka adhana ya alfajiri. Alisema ni upepo wa bahari unaokataa kuingia ndani. Hakuna aliyemuuliza zaidi, na yeye hakuwa na neno la kumwambia mwanamume yeyote katika nyumba ile.

Kilichomsaidia uzeeni, nafikiri, ni ngazi. Nyumba za Mji wa Kale zina ngazi zilizosimama wima, na mama alipanda hadi darini na karai la nguo kila siku mpaka miaka yake ya 80. Mifupa hukaa na nguvu kwa kubebeshwa uzito, na hilo linajulikana tangu zamani na linasahaulika kila mara kwa sababu hakuna kampuni inayouza ngazi. Hapa kazini naona kinyume chake. Mwanamke anaanguka bafuni, nyonga inavunjika, na ndani ya mwaka mmoja kitanda chake kina mtu mwingine. Wengi wao walimeza homoni zikashikilia mifupa, wakaacha ghafla mwaka 2002, na hakuna aliyewaambia kwamba mifupa huanza kupungua tena mara dawa inapoachwa, na kwamba hapo ndipo pa kuanza kutembea, kubeba na kuongeza maziwa na dagaa.

Dada yangu yuko Majengo, kule kule Mombasa, na sasa zamu ni yake. Alinipigia simu usiku wa manane kwao, hajalala, akataka kujua hiyo dawa ninayobandika. Nilipofika kwenye farasi alininyamazisha. Mkojo? Katika madhehebu yetu ya Shafi mkojo wa mnyama yeyote ni najisi, wala hili si la kuhoji. Alikuwa tayari kumwendea sheikh kuuliza habari ya dharura, na kama kitu kikigeuzwa kabisa kiwandani hubaki na hukumu ya asili yake. Ni maswali mazuri, na natamani kampuni zingewekewa maswali kama hayo mwaka 1942. Nikamwambia asijisumbue, kibandiko changu hakina farasi. Miaka ya 1940 Russell Marker, mkemia wa Kimarekani asiyeelewana na mtu, alikwenda Veracruz, Meksiko, akatafuta kiazi kikuu cha mwituni, akatoa ndani yake kitu kinachogeuzwa kuwa projesteroni. Mwaka 1944 alishiriki kuanzisha kampuni ya Syntex mjini Meksiko, akagombana na wenzake, akaondoka. Estradioli iliyo kwenye vibandiko vya leo hutengenezwa kwa njia za namna hiyo, kutoka kwenye viazi vikuu na soya, na ni homoni ile ile inayotolewa na ovari ya binadamu, si ya farasi.

"Basi ni viazi vikuu," alisema dada, na nikasikia amekaa kitako.

Nikamwagiza aende na vipimo vyake vya presha vya mwezi mzima, amweleze daktari kwamba khalati yetu alipata saratani ya titi, na kwamba mfuko wake wa uzazi bado anao, kwa hiyo akiandikiwa estrojeni peke yake aulize ya pili iko wapi. Kuhusu bei sikuweza kumsaidia, aulize maduka ya dawa ya mjini. Swali lake la mwisho lilikuwa kama kibandiko kitashika juu ya ngozi iliyopakwa mafuta ya nazi. Hakishiki. Abandike chini ya kitovu au kwenye tako, pakavu, na mafuta apake kwingine.